Wanaoitana Ndani ya Damu

Mimi ni mtu wa mdomo mwepesi. Mume wangu husema nilizaliwa nikijibu. Pale hospitalini waliutumia mdomo huu: Mkongomani akifika bila Kibemba, mtu anatumwa sokoni Kashikishi, nami namwachia jirani meza yangu ya chisense, wale dagaa wadogo wa ziwa letu, naenda kukaa katikati ya mgonjwa na daktari. Hakuna mshahara. Kuna kiti, na siku nyingine chai. Nilikipenda sana kiti kile. Niliwaona wote wawili wananitazama mdomoni, kila mmoja akisubiri niufungue ndipo ajue mwenzake amesema nini, na nikajiona mkubwa.

Sikuwahi kujiuliza neno linafanya nini likishatoka kwangu. Nilihesabu kazi yangu ni kulifikisha, basi.

Mdogo wangu alivuka ziwa kutoka Kongo akiwa na mimba, miaka mitatu kabla ya haya ninayoyasimulia. Mimi nilikuwa upande huu wa Zambia tangu nilipoolewa, kwa hiyo yaliyowapata kijijini kwetu niliyasikia tu. Alinisimulia mara moja, tukiwa tunachambua samaki, bila kuinua macho. Alisema askari hawakuja kwa kelele. Waliitana kwanza. Mmoja alipiga mluzi upande wa mto, mwingine akajibu upande wa shule, mwingine nyuma ya kanisa, na kabla watu hawajajua kwamba wamezungukwa, paa la kwanza likawaka. Waliopona ni wale waliokimbilia kwenye matete wakazima simu zao na kuzitoa betri, maana kulikuwa na simu iliyolia, na wenye simu hiyo hawakuonekana tena. Nilimpa pole. Halafu nikamuuliza kama amekula. Hivyo ndivyo nilivyoyapokea mambo yake, na leo bado naona haya.

Binti yake alizaliwa hapahapa Nchelenge. Mtoto wa mdogo wangu ni mtoto wangu. Ananiita mama mkubwa, ingawa wakati ule, akiwa na miaka miwili, alikuwa akiishia kwenye "mama kubwa". Mvua za mwaka ule zilikuwa bado hazijaisha alipoanza kuchemka. Tulimpa vidonge vya homa, tukamfuta kwa kitambaa, tukasema ni meno. Siku ya pili mchana macho yakageuka juu, mikono ikakakamaa, akatetemeka mapajani mwa mama yake. Tulikimbia naye hospitali tumeacha mlango wazi.

Ilikuwa malaria kali. Walimtia sindano ya mshipa mkononi, wakaifunga kwa plasta nyeupe, wakampa dawa ya kwanza alasiri ile, na ya pili alfajiri. Ya tatu, wakasema, ni alasiri tena, halafu vidonge vya siku tatu. Waliturudia hilo mara nyingi: sindano zote tatu, na vidonge vyote. Dawa ikikatwa katikati, wadudu wachache waliobaki kwenye damu wanazaana upya, na mtoto mdogo hana nguvu za kupigana mara mbili.

Asubuhi alikuwa ameacha kutetemeka lakini joto halikushuka. Mdogo wangu alikuwa hajalala. Aliniambia nimuulize daktari mbona dawa imeingia mara mbili na mwili bado unawaka. Daktari huyu alikuwa kijana kutoka mikoa ya kusini. Tulimwita daktari ingawa yeye mwenyewe alisema bado hajafika huko. Alikuwa na Kibemba cha mjini na moyo wa mwalimu. Ukimuuliza jambo dogo anatafuta karatasi achore.

Alichora. Alisema dawa inafanya kazi, wadudu wa malaria wanapungua, wamewaona chini ya darubini. Joto hili halitoki kwa mdudu peke yake. Ndani ya damu mna chembe nyeupe, ndizo zinazolinda mwili. Chembe moja ikikutana na mdudu, haikai kimya. Inatoa vitu vidogo mno, vidogo kuliko mdudu mwenyewe, inaviachia kwenye damu, navyo vinakwenda kuziambia chembe nyingine: njooni, kuna adui hapa. Nyingine zikipata ujumbe huo nazo zinatoa wa kwao, na wito unasambaa. Ujumbe mwingine unafika kwenye ubongo, na ubongo unapandisha joto la mwili wote. Mwingine unalegeza kuta za mishipa ili walinzi wapenye wafike penye vita. Dawa inaweza kumuua mdudu kwa saa chache, lakini wito ulioanza haukatiki papo hapo. Unapungua polepole. Shida ni pale wanapoitana kupita kiasi, hapo mwili unajiumiza wenyewe, ndiyo maana anataka mtoto abaki chini ya macho yake.

Zile chembe aliziita bashilika ba mu mubili. Kwa Kibemba ni askari wa mwilini, na kila mtu upande huu anasema hivyo, manesi wanasema, redio inasema. Kwa watu wa hapa askari ni mtu wa gwaride siku ya sikukuu, watoto wanampungia mkono.

Mimi nilikuwa na haraka. Mvuvi mmoja alikuwa ameniahidi mzigo asubuhi ile. Nikamgeukia mdogo wangu, nikamtafsiria kwa Kiswahili chetu cha Kongo, ambacho askari huwaita basoda, tena kwa ufundi, nikijisikia mwenyewe.

"Dawa inatumika. Ile moto haitoke kwa malaria. Kuko basoda mu damu ya mutoto. Mumoja akiona adui, anaita benzake, nabo banaita bengine, njo banawasha moto mu mubili yote."

"Banaitana?" akaniuliza.

"Ee. Banaitana."

"Na bako bengi?"

"Bengi. Shida ni bakiitana kupita kipimo. Pale njo banaharibu mubili yenyewe."

Akaitikia kwa kichwa. Akamwambia daktari asante. Mimi nikafurahi kwamba ameelewa upesi, kuna wagonjwa unawarudia jambo mpaka ulimi unakauka. Nikamwambia nitarudi na uji saa sita, nikaenda zangu kuchukua mzigo.

Saa sita nilikuta kitanda kitupu. Shuka lilikuwa limekunjwa vizuri, pembe kwa pembe, na hilo ndilo lililonitia baridi, kwa sababu mtu anayekwenda chooni hakunji shuka. Mama wa kitanda cha jirani alisema ameondoka muda mrefu, mtoto mgongoni, kimya kabisa, amemfunika mkono wenye plasta kwa kitenge. Alidhani wameruhusiwa. Nesi alikuwa na wodi mbili peke yake siku hiyo na hakumwona akipita. Nilisimama na kikopo cha uji mkononi. Saa tisa ndiyo ilikuwa saa ya sindano ya tatu.

Kwanza nilikasirika, mimi hasira hunitangulia kila mahali. Nikasema amechoka kungoja, amekwenda kutafuta boti amrudishe mtoto kwa waombeaji wa upande wa Kongo, au kwa shangazi yetu aliyeko Kilwa, kisiwa cha ziwani humu. Nikapanda pikipiki hadi bandarini Kashikishi. Nilipita katikati ya chisense zilizoanikwa mchangani, watu wakanipigia kelele kwamba nakanyaga mali yao, nikawauliza wenye maboti mmoja mmoja kama wamempakia mwanamke mwenye mtoto mgonjwa. Boti la Kilwa lilikuwa bado linapakia sabuni na unga. La Kongo lilikuwa limeshaondoka. Mpakiaji alisema wanawake wenye watoto walikuwemo, yeye hakutazama nyuso zao.

Hapo nikaanza kuogopa kweli. Maji yalikuwa yamechafuka na upepo, boti lilikuwa doa tu, na nikamwona mtoto ndani yake akigeuza macho juu tena, katikati ya ziwa, hakuna nesi, hakuna chochote. Nikatoa simu nimpigie. Haikupatikana. Nikapiga tena, na tena, mpaka mpakiaji akaniambia mama, kaa chini.

Sikukaa. Nilirudi hospitali, maana sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Nikakipekua kitanda kama mpumbavu, nikainua mto. Chini ya mto palikuwa na simu yake, ile ndogo ya tochi, imefunguliwa mgongo. Betri ilikuwa kando yake.

Nikakaa kitandani. Nilisikia maneno yangu ya asubuhi, moja moja, kwa masikio yake. Basoda wako ndani ya mtoto. Wanaitana. Ni wengi. Wanawasha moto. Nilikuwa nimemwambia mdogo wangu kwamba kijiji chetu kimeingia kwenye mwili wa binti yake, na kwamba hata daktari amekubali, amekichora na kwenye karatasi. Naye alifanya kile ambacho siku ile kiliwaponya.

Hakukimbilia boti. Boti lina watu, na watu wana simu.

Kati ya hospitali na Kashikishi pana sehemu ufuo umeota matete marefu. Sisi wa hapa hatuingii. Mamba wapo, kila mwaka tunasikia habari ya mtu. Nilimpigia mume wangu aje, lakini sikumsubiri. Nilivua viatu nikaingia nikilitaja jina lake kwa sauti ndogo, na kila hatua niliyoweka kwenye tope niliona tayari mguu wangu umekamatwa. Niliogopa mamba, niliogopa nisiwapate, na zaidi niliogopa kuwapata, kwa sababu ya hali nitakayomkuta nayo mtoto. Sijawahi kuogopa mambo matatu kwa mara moja tangu siku hiyo na naomba nisirudie.

Niliwakuta maji yakiwa yamemfika mdogo wangu kiunoni. Amemkumbatia mtoto, amemzamisha hadi mabegani, ni kichwa tu kilichokuwa juu. Alikuwa akiuzima moto.

"Nyamaza, yaya," akaninong'oneza mimi dada yake. "Batakusikia."

Mtoto hakulia. Alinitazama kwa macho yaliyofungwa nusu, midomo imebadilika rangi. Nilitaka kumrukia nimnyang'anye, na mwingine angefanya hivyo. Lakini nilimwona anavyorudi nyuma, kuelekea kwenye kina, hatua moja kila nilipopiga moja. Nikasimama.

"Haiko basoda," nikamwambia. "Miye njo nilikosa neno. Munganga hakusema basoda. Ni miye."

"Alisema banaitana."

"Banaitana, ndiyo."

"Sasa ni banani banaitana?"

Maisha yangu yote nimejibu upesi, na hapo nikaanza kuchagua neno. Mlinzi? Mlinzi ana bunduki. Polisi? Mungu wangu. Malaika? Angejua namdanganya, na pengine angedhani mtoto ameshakufa. Niliyapitia maneno yote ninayoyajua kwa lugha zangu tatu na kila moja nililiona kwanza linavyoingia kwake, kabla sijalitoa. Upepo ulikuwa ukipiga matete. Nilisikia meno ya mtoto yakigongana.

"Ni bamama," nikasema. "Bamama ba soko."

Akanitazama.

Nikamwambia anajua mwenyewe ilivyo sokoni. Mwizi akiingia, mama mmoja akimwona, hamkimbilii peke yake. Anapiga beseni. Mama wa pili hajamwona mwizi, amesikia beseni tu, naye anapiga lake. Wa tatu hivyo hivyo, hadi mwisho wa soko, na wote wanakuja. Mle ndani ya mtoto mwizi ameingia, ni malaria, na kina mama wanapigiana beseni. Ile sauti imefika kichwani, kichwa kikaongeza joto, kwa sababu mwizi huyu hapendi joto. Dawa imeshamkamata mwizi. Kina mama bado hawajapata habari wote, ndiyo maana wanaendelea kupiga.

Alifikiri. Mdogo wangu si mjinga, hajawahi kuwa mjinga, ni mimi niliyemchukulia hivyo.

"Na bakikuya bengi kupita?" akauliza.

Ningeweza kulificha hilo. Nikaona nisilifiche.

"Banakanyaga vitu. Banaangusha meza. Njo maana munganga iko pale, na sindano ya tatu inatungoya. Leta mutoto, mudogo wangu. Iko na baridi."

Akamwinua mtoto kutoka majini. Halafu akanyoosha mikono, akanipa.

Alikuwa na baridi. Mtoto ambaye tangu juzi ukimgusa unatoa mkono, sasa alikuwa baridi mpaka tumboni. Mume wangu alitukuta barabarani na pikipiki ya kukodi. Nilimfungia mtoto kwenye kifua changu chini ya nguo na sikumsikia akipumua kwa sababu ya kelele za injini. Njia nzima nilimfinya mguu ili alie, na hakulia.

Daktari hakugomba. Afadhali angegomba. Alimvua nguo mbichi, akamfunika blanketi mbili, akamtia kipimajoto kwapani, akakitazama, akakirudisha tena. Plasta ilikuwa imelowa, akatafuta mshipa mwingine, dawa ya tatu ikaingia kwa kuchelewa. Kisha akanivuta kando. Alisema mtoto ameshuka sana. Inawezekana ni maji ya ziwa tu, na akipata blanketi atapanda. Inawezekana pia ni mwili wenyewe. Kuna wakati chembe zimeitana mpaka mishipa yote imelegea na damu haisukumwi vizuri, na mwili unakosa hata nguvu ya kutengeneza joto. Kuna chembe nyingine ambazo kazi yao ni kutoa ujumbe wa kutuliza, kuwaambia wenzao inatosha, na yeye alitumaini hao ndio walikuwa kazini. Kwa kumtazama tu hawezi kujua. Tungoje. Mwili ukiwa mzima joto litarudi.

"Mwambie," akasema.

Mdogo wangu alikuwa ameegemea ukuta, maji yakimchuruzika miguuni. Nilimwendea. Nilimwambia polepole, na baada ya kila sentensi nilimwomba anirudishie alichosikia. Alinirudishia. Alielewa kwamba asubuhi tuliomba joto lishuke na sasa tuombe lipande. Tulipiga magoti pande mbili za kitanda kile, tukaomba mtoto apate homa. Sijui kama Mungu aliwahi kuletewa ombi la namna hiyo, lakini tuliomba kwa nguvu zetu zote, na mama wa kitanda cha jirani, ambaye hakujua Kiswahili, akaitikia amina.

Nilikuwa nikiutazama mkono mdogo wa mtoto nje ya blanketi. Nilifikiria wale waliomo ndani. Wale ambao asubuhi kwangu walikuwa maneno ya mchoro tu, sasa nilikuwa nawabembeleza, moyoni, bila aibu. Msinyamaze. Mmoja wenu aite. Kama mmoja ameita, wa pili ajibu. Nilikuwa nimewatangaza kuwa wauaji kwa uzembe wa ulimi wangu, na mtoto huyu hakuwa na mwingine wa kumtetea mle ndani isipokuwa wao.

Daktari alikuja, akapima, akamfunika tena. Akaenda. Akaja tena. Nje watu walikuwa wakifunga ofisi, wakiagana kwa Kibemba, mtu akacheka jambo. Nilimchukia mtu yule kwa kucheka.

Mara ya tatu alikiacha kipimajoto kwapani muda mrefu. Akakitoa, akakielekeza dirishani penye mwanga, akapumua. Akasema namba, akasema na maneno mengine ya haraka kwa Kibemba chake cha mjini, akitabasamu, na niliyaelewa yote. Mdogo wangu hakuelewa. Alinigeukia, uso wake umekauka, akanitazama mdomoni.

"Anasema nini, yaya?"

Nilifungua mdomo, nikaogopa. Nikaufunga. Nikaushika mkono wake, nikauingiza chini ya blanketi, nikauweka juu ya tumbo la mtoto.